Mwisho wa Kazi ni Saa Nane

Kila siku ya kazi, chakula cha mchana kikishaliwa na vyombo vikishafunikwa, Bibi alinyoosha mguu wake mbovu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua redio kwa sauti ya chini, na mjukuu wake akamlalia pajani. Hapo ndipo nyumba ile ya vyumba viwili ilipopumua. Hakuna aliyebisha hodi saa hizo. Mwanawe alikuwa kiwandani, mkwewe alikuwa kiwandani, nusu ya majirani walikuwa kiwandani, na wote walirudi giza likishaingia. Kwa kawaida Bibi alisinzia kabla mtangazaji hajamaliza habari.

Jumatatu hiyo mlango ulisukumwa saa nane na nusu.

Bibi alifumbua macho akamwona mkwewe amesimama kizingitini, nyuzi nyeupe zimemganda begani, kitambaa cha kichwa kiko mkononi. Ndoo ikateleza, mguu ukafuata.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Habari za tangu asubuhi?"

"Habari utanipa wewe. Umeugua? Wamekufukuza?"

"Nimetoka kazini."

"Hilo naliona, macho yangu hayajafa. Nauliza umetolewa na nini."

Mtoto aliamka kwa mtikisiko wa paja. Walimwita Kiroboto kwa sababu hakuweza kuvuka chumba bila kuruka. Alimtazama mama yake, akatazama mwanga wa jua sakafuni, kisha akamtazama tena kama mtu anayepiga hesabu isiyotoka.

"Mama, leo Jumapili?"

"Leo Jumatatu."

"Sasa mbona uko?"

Mama Kiroboto alicheka, halafu akageuka kuning'iniza kitambaa chake msumarini. Alichukua muda kukining'iniza.

Alieleza huku akijimiminia maji ya kunywa. Tangazo lilibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa jengo la kushonea, herufi kubwa, muhuri wa ofisi chini yake. Alikwisha kulihifadhi kichwani: *Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa uliotiwa saini na nchi yetu, kuanzia Jumatatu mwisho wa kazi ni saa nane.* Kwa hiyo ilipofika saa nane kamili aliweka kipande cha kitambaa chini ya mguu wa cherehani, akashusha sindano juu yake kama afanyavyo kila akimaliza kazi, akazima mashine. Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote bali mkongwe wa laini ya kola, safu yao ya kushona kola za mashati, alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akazima na yake. Laini nzima ikafuata, wanawake kumi na wanne. Getini mlinzi alikwenda kulisoma tangazo kwa kidole, akarudi, akatazama saa yake ya mkononi, akawafungulia.

"Na msimamizi?"

"Alikuwa stoo."

Bibi alitafuna midomo. "Haya mambo niliyasikia hapa hapa redioni. Mataifa yamekutana, yamekubaliana mtu asifanyishwe kazi kupita kiasi. Nikadhani ni habari za watu wa mbali."

"Hata mimi, mama." Alikaa chini kwenye mkeka. "Si unajua mzaha wetu? Kwamba sisi tunafanya kazi saa moja tu kwa siku: toka saa moja mpaka saa moja. Sasa Ijumaa nimesimama mbele ya ile karatasi, nikajiambia, kumbe kuna watu wamekaa kwenye viti mahali fulani, hawanijui, wakanifikiria."

Alimwita mtoto, wakatoka uani na beseni, akamwosha nywele juani. Kazi hiyo siku zote aliifanya Jumapili, haraka, kati ya kufua na kupika. Leo alimwosha polepole. Alipomgeuza, aliona gotini kovu refu limekwisha kupona na kung'aa.

"Hili la lini?"

"La zamani," alisema Kiroboto, mtu wa miaka sita. "Bibi alinipaka dawa. Sikulia sana."

*

Baba Kiroboto aliingia saa kumi, jasho limeloanisha kola ya shati. Yeye naye hakuwa mtu wa kurudi saa hizo. Alikuwa karani wa mahudhurio: ndiye aliyegonga kengele, aliyeandika nani kaingia na nani kachelewa, na aliyeandika kila karatasi iliyobandikwa pale kiwandani, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri na lugha yake safi. Wafanyakazi walimwita Bwana Saa. Sehemu ya jina hilo ilitokana na kengele. Sehemu nyingine ni kwamba mtu akisema mbele yake "nimefanya kazi masaa kumi," alimkatiza papo hapo: "Hakuna masaa. Saa. Saa kumi." Aliwahi kumsahihisha mpaka daktari.

Alisimama uani, akamwangalia mkewe mwenye povu mikononi.

"Nani aliyekuruhusu kutoka?"

"Wewe."

"Usinifanyie mchezo, mama Kiroboto. Kiwanda kinawaka moto kule."

"Tangazo liliandikwa na nani? Si mwandiko wako ule?"

"Tangazo linasema saa nane!"

"Nami nilitoka saa nane."

Ilionekana wazi kwamba mpaka dakika hiyo Baba Kiroboto hakuwa ameisikia sentensi yake kwa masikio ya mtu mwingine. Akaanza kueleza kwa vidole, kama anavyoeleza mgeni wa kazi: mtu anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi, toa saa moja ya chakula, zinabaki saa nane. Saa nane za kazi. Si saa nane ya mchana. Mkataba wenyewe ulikuja na kurasa kumi na mbili, Meneja akamwambia afupishe, iwe karatasi moja, herufi zionekane kwa mbali. Akafupisha.

"Ukafupisha mpaka ukakata kichwa," alisema Bibi kutoka mlangoni. "Si ungeandika masaa manane, kila mtu akaelewa?"

"Hakuna neno masaa, mama!"

"Lipo. Nimelisema sasa hivi."

Kiroboto alicheka peke yake. Hakuna aliyemfuata.

Baba Kiroboto alikaa juu ya jiwe la kufulia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya na suruali ya kazi. Alisema polepole. Laini ya kola imesimama kwa karibu saa mbili, na bila kola hakuna shati, kwa hiyo laini zote zikasimama. Meneja anauita mgomo. Msimamizi aliona kwa dirisha la stoo ni mashine ya nani iliyozimwa kwanza. Na kesho saa nne mkaguzi wa kazi anakuja kuona kama mkataba unafuatwa, Meneja hataki asikie neno mgomo limetajwa.

"Anataka nini?" aliuliza mkewe.

"Barua. Kila mmoja wenu atie saini kabla mkaguzi hajafika, kwamba ilikuwa ni kutoelewa. Asiyetia saini hana kazi. Na wewe ukikataa, kasema, hata hao wengine hawatarudi, kwa sababu wewe ndiye kichwa."

"Barua itaandikwa na nani?"

Baba Kiroboto alimtazama mtoto, aliyekuwa amesimama na povu likimchuruzika sikioni.

"Mtoto ataingiwa na sabuni machoni," akasema.

*

Baba Kiroboto aliiandika barua mezani kabla taa haijawashwa, mwanga wa dirishani ukiwa bado unatosha. Kwa kawaida akiandika nyumbani, mkewe alisimama nyuma yake kusoma, maana naye alipenda maandishi. Miaka ile ya uchumba walikuwa wakiandikiana barua, na ni mke aliyekuwa akimrudishia mumewe barua zake zikiwa zimetiwa nukta alizozisahau. Leo alikuwa akipepeta mchele kwa nguvu isiyohitajika.

"Nikusomee?"

"Soma."

Akasafisha koo. "'Mimi niliyeweka alama hapa chini, nikiwa na akili zangu timamu, nakiri kwamba kutokana na upungufu wa elimu yangu, nilishindwa kuelewa tangazo la uongozi lililoandikwa kwa lugha fasaha, na hivyo nikaacha kazi bila ruhusa. Naomba radhi...'"

Ungo ulisimama.

"Upungufu wa elimu."

"Ni maneno ya Meneja. Mimi nimeyapanga tu."

"Na 'fasaha'? Fasaha kaiweka Meneja au wewe?"

Bibi, aliyekuwa akijifanya anasikiliza redio, aliizima kabisa.

"Mimi nimeshindwa kusoma," alisema Mama Kiroboto, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kiatu kuona kinambana wapi. "Mimi ndiye ninayemfundisha huyu mtoto herufi. Mtu akimwuliza kesho, Kiroboto, mama yako anajua kusoma? Atajibu nini?"

"Ni karatasi tu. Itaingia kwenye faili, haitasomwa tena. Nifanyeje? Nikisema nilikosea kuandika mimi, natoka mimi. Ukikataa, unatoka wewe. Ukitia saini tunabaki wote wawili. Niambie njia nyingine nami niifuate."

Njia nyingine haikuwepo, au hakuna aliyeiona. Mama Kiroboto aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa dirishani.

"Sawa. Tuseme nimeweka hiyo alama. Kesho mkaguzi akishaondoka, tutakuwa tunatoka saa kumi?"

Swali lilikuwa jepesi. Lilihitaji ndiyo au hapana. Baba Kiroboto alifunika kalamu, akaifunua, akaifunika tena.

"Tutatoka saa kumi, baba Kiroboto?"

"Mkaguzi anakuja na kamera," akasema hatimaye. "Anapiga picha tangazo, anaondoka. Jumatano nalibandua."

"Ulijua Ijumaa?"

"Nilijua."

"Ukaniona nalisoma pale mlangoni. Ukaniona nacheka na wenzangu."

Kule uani mtoto alikuwa akiruka kwa mguu mmoja, anahesabu, anakosea, anaanza upya.

"Kwa hiyo hukumaanisha saa nane ya mchana," alisema mkewe, "wala hukumaanisha saa nane za kazi. Umeketi hapa na mwandiko wako mzuri. Hebu niambie, ulimaanisha nini?"

Baba Kiroboto alikunja barua mara mbili, akaiweka mfukoni. Wakala. Bibi alijaribu kusema wali una chumvi nyingi, lakini haukuwa na chumvi nyingi, naye alilijua hilo.

*

Asubuhi wanawake kumi na wanne walisimama kwenye korido ya ofisi, migongo ukutani, wamevaa aproni zao za buluu. Mlango wa jengo la kushonea ulikuwa mkabala, na juu yake tangazo. Kila aliyepita na mzigo wa vitambaa aliwatazama, halafu akatazama sakafu.

Meneja hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliweka meza ndogo kwenye korido, juu yake barua kumi na nne na kibweta cha wino. Shangazi akatoa kalamu aliyokuja nayo kifuani.

"Kalamu ya nini, mama?" aliuliza Meneja kwa upole. "Barua inasema elimu ni pungufu. Ukitia saini ya madoido hapo chini, si utakuwa umeidanganya barua? Vidole. Wote."

"Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, bwana."

"Hongera. Kidole."

Shangazi alitazama kulia na kushoto. Alikuwa na wajukuu wanne na mashine aliyoikalia miaka kumi na tisa. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, kisha akalipangusa dole hilo kwenye aproni, tena na tena, mpaka buluu ya aproni ikawa nyeusi.

Bwana Saa alikuwa pembeni mwa meza, kazi yake kugeuza karatasi. Aligeuza ya pili, ya tatu, ya nne. Mkewe alikuwa wa sita.

"Wa tano," alisema Meneja. "Tusogee, jamani, saa nne si mbali."

Mkaguzi hakusubiri saa nne. Alitokea mwisho wa korido saa tatu na robo, mwanamke mfupi mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa kwenye pembe, mlinzi akimfuata mbio kutaka kumtangulia. Hakuja moja kwa moja mezani. Alisimama mbele ya tangazo, akavaa miwani, akalisoma kwa sauti.

"'Mwisho wa kazi ni saa nane.' Saa nane mchana?" Akageuka. "Mna bahati. Sisi ofisini tunatoka saa kumi."

Meneja alicheka zaidi ya inavyotakiwa. "Hapana, mheshimiwa. Ni saa nane kwa siku, kama mkataba unavyosema. Linaeleweka vizuri kabisa. Ila, unajua tena watu wetu, elimu yao... Hawa akina mama jana walijichanganya kidogo. Tunalimaliza kifamilia."

"Kifamilia." Mkaguzi alitazama meza, kibweta, barua tano zenye alama nyeusi. Akachukua moja akaisoma yote, midomo ikicheza. "Hawa wote hawajui kusoma?"

Mama Kiroboto alikuwa amekwisha kuchovya dole gumba. Alilishika juu, mbali na nguo yake, kama mtu aliyejikata akiwa hataki kuchafua sakafu. Hakumtazama mumewe. Alikuwa akitazama ile barua yake juu ya meza, na kwa mazoea tu, bila kujua kama anaonekana, macho yake yalikuwa yakikimbia mstari kwa mstari. Alikuwa akiisoma.

Bwana Saa aliona. Aliyaona macho yalipofika kwenye neno "fasaha" yakasimama, yakaendelea.

"Nani aliliandika tangazo?" aliuliza mkaguzi.

"Karani wetu huyu," alisema Meneja, akimwekea mkono begani. "Mtaalamu wa lugha. Karani, mweleze mheshimiwa kwamba hakuna utata. Mweleze tu, tuendelee."

Mkono ule ulikuwa mwepesi, wa kirafiki. Ulibaki pale pale.

"Nakuuliza wewe," mkaguzi alimwambia karani. "Mtu anayelisoma hili kama lilivyo, atatoka saa ngapi?"

"Saa nane mchana," alisema Bwana Saa. "Akijua kusoma, atatoka saa nane mchana."

Mkono ukaondoka begani.

"Na wewe ulimaanisha nini?"

Ilikuwa mara ya pili kuulizwa swali hilo ndani ya siku moja. Laini nzima ya kola ilikuwa imegeuza shingo. Mkewe naye alimtazama sasa, dole gumba lingali hewani, wino umeanza kukauka kwenye mikunjo ya ngozi.

"Masaa," akasema.

Nyuma ya Shangazi mtu alicheka kwa mshtuko, akajiziba mdomo.

"Masaa manane," alisema Bwana Saa. "Nilipokuwa naandika nilimaanisha hivyo: waingie saa moja, watoke saa kumi, mtu amkute mwanawe yuko macho. Lakini lile si tangazo la kazi, mheshimiwa. Niliambiwa libandikwe, wewe upige picha, kesho nilibandue. Nilijua, nikanyamaza, na hizi barua nimeziandika mimi. Hata wangetoka saa kumi, kama mkataba unavyosema, leo wangekuwa wamesimama hapa hapa, na wino kidoleni."